Wafugaji wamepakua programu yangu, mbona hawaifungui?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana niliyesomea kompyuta, naishi Tukuyu, wilayani Rungwe. Nyumbani tuna ng'ombe watatu wa maziwa. Nimetengeneza programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za mifugo: uzazi, maziwa, chanjo, chakula, mapato na matumizi. Wafugaji 60 wa kituo chetu cha maziwa waliipakua na wakanipongeza. Baada ya mwezi, wanaoifungua hawafiki watano. Nilikuwa na mpango wa kuipeleka hadi kwa wafugaji wa Kimasai. Nimekosea wapi, na niongeze nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kusema namba zilivyo. Wengi wanaoniandikia hunitajia waliopakua tu, waliobaki hawawataji.

Umeuliza uongeze nini. Usiongeze kitu. Ningekuwa mimi, ningekata kurasa zote nikabakiza ya uzazi, na hiyo nayo ningeipunguza. Mtazame mtu uliyemtengenezea. Ni mama mwenye ng'ombe wawili bandani, anawaita kwa majina, anajua yupi anapiga teke na yupi hashushi maziwa mpaka awekewe pumba. Kumwambia awaorodheshe kwenye simu ni kama kumwambia aorodheshe watoto wake. Lita anazijua kwa sababu anazimimina mwenyewe, na kituo kinaziandika tena asubuhi anapozipeleka. Kila jioni programu yako inamwomba aandike kitu anachokijua, kisha haimrudishii chochote. Wiki ya kwanza ameandika kwa heshima yako na ya mama yako. Wiki ya pili mvua imenyesha siku zote saba, ya tatu bando limeisha, na hapo ndipo ulipowapoteza.

Kinachomponyoka mfugaji mdogo ni tarehe, na tarehe ndizo zinazomla hela bila yeye kuona. Ng'ombe huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24. Muda wenyewe wa kukubali kupandwa ni mfupi, mara nyingi saa 12 hadi 18, na unaweza kuangukia usiku watu wamelala. Ukimkosa, unasubiri wiki 3 nyingine. Mchukue ng'ombe ambaye angekuwa akitoa lita 10 kwa siku baada ya kuzaa. Akikosewa mizunguko miwili, uzao wake umesogea siku 42, na hizo ni lita 420 ambazo hazikufika kituoni kwa wakati wake, huku matete na pumba anakula kama kawaida. Zidisha kwa bei ya kituo chenu. Hakuna ukurasa wa mapato na matumizi utakaomwonyesha hasara hiyo, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka mfukoni.

Kwa hiyo jenga juu ya tarehe moja: siku ng'ombe alipopandishwa. Tuseme ni tarehe 10 Machi. Kuanzia tarehe 28 Machi hadi 3 Aprili mfugaji aangalie kama joto limerudi. Lisiporudi, tarehe 9 Mei zimetimia siku 60, na mtaalamu anaweza kuingiza mkono kupima mimba kwa uhakika. Usikiruke kipimo hiki, maana wapo ng'ombe wasiorudi kwenye joto na mimba hawana. Tarehe 19 Oktoba akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa, ili apate miezi miwili ya kupumzisha kiwele. Karibu na tarehe 18 Desemba, siku ya 283, atazaa. Akizaa, ndama anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa chache za mwanzo, na kondo la nyuma liwe limetoka ndani ya saa 12. Likigoma hadi siku ya pili, aitwe daktari. Baada ya siku 60 hivi, mduara unaanza upya. Mfugaji amekupa tarehe moja, wewe umemrudishia miezi kumi na moja ya kazi. Biashara ya namna hiyo anaikubali.

Wazo si langu, wala si jipya. iCow ya Kenya, aliyoianzisha Su Kahumbu na ikashinda mashindano ya Apps4Africa mwaka 2010, ilianza hivyo hivyo: kalenda ya mimba ya ng'ombe, kwa ujumbe mfupi, kwenye simu yoyote ile hata kitochi. Mengine yalikuja baadaye.

Onyo moja kuhusu hiyo siku ya 283. Usimpe mfugaji tarehe moja kana kwamba ng'ombe amesaini mkataba. Jersey huwahi kidogo, ng'ombe wa asili huchelewa. Mwambie "kati ya tarehe 10 na 26 Desemba". Ukimwambia tarehe 18 na ng'ombe akazaa tarehe 13, ameshakuweka kwenye kundi la waganga wa redioni.

Sasa nikupeleke kwenye mambo ambayo chuoni hukufundishwa, kwa sababu vitabu ulivyosoma havikuandikwa na watu wanaozungumza Kiswahili.

Kwanza saa. Mradi mmoja niliowahi kuushauri uliweka kengele ya kuangalia joto saa 5:00, yaani alfajiri. Kwenye skrini ilisomeka "5:00" na mfugaji akasoma saa tano. Saa tano asubuhi ng'ombe amelala anacheua, dalili hakuna. Tuligundua baada ya wiki kadhaa, na tuligundua kwa sababu bibi mmoja alituuliza kwa upole kwa nini mashine yetu inapenda kuangalia ng'ombe jua likiwa kali. Andika "saa 11 alfajiri", kwa maneno, na usitumie kile kisanduku cha kuchagulia saa kinachokuja na simu. Kwa tarehe pia, usimfungulie kalenda ya mwaka mzima. Weka vitufe vitatu: leo, jana, juzi. Anayekumbuka zaidi ya hapo hukumbuka kwa matukio ("Jumatatu ile ya mnada"), kwa hiyo kalenda ije baada ya vitufe, na miezi iandikwe "mwezi wa 3" kama watu wanavyoisema.

Pili, alama ya ng'ombe. Sicheki. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Mimi ningeandika hivi:

"Ng'ombe Upendo alipandishwa tarehe 10/3. Kuanzia leo mwangalie asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiona dalili za joto jibu 1. Usipoona jibu 2."

Huo haufiki herufi 140, unaingia kwenye ujumbe mmoja. Lakini ukiuandika kwenye programu ya uandishi ya kompyuta, ile alama ya katikati ya "ng" na "o" hugeuzwa kimyakimya kuwa alama iliyopinda, na alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za ujumbe wa simu. Mtambo unauhamishia ujumbe wako wote kwenye mfumo mwingine ambao nafasi zake ni 70 tu, na ukigawanywa vipande kila kipande hubeba 67. Ujumbe wako mmoja umekuwa mitatu, na bili imekuwa mara tatu, kwa ajili ya alama moja juu ya neno ambalo huwezi kulikwepa katika kazi hii. Weka kichujio kwenye seva kinachoirudisha alama iwe imenyooka kabla ujumbe haujatoka.

Tena angalia unatuma kutoka wapi. Ujumbe unaoingia kwa jina la mtumaji badala ya namba hauwezi kujibiwa. Mfugaji atabonyeza 1 na haitafika popote. Unahitaji namba fupi, na kujibu kuwe bure kwake. Usipoweza kulipia hilo sasa, basi akubipu. Hilo kila mtu analijua, na seva yako inaweza kuiona simu iliyobipu bila gharama kwa mtu.

Na usiishie kusema "dalili za joto" ukadhani umeeleweka. Vitabu vinasema dalili kubwa ni ng'ombe kusimama anapopandwa na wenzake. Mwenye ng'ombe mmoja bandani, nani atampanda? Huyo anapaswa kuangalia ute usio na rangi unaovutika kama ute wa yai, uke uliovimba kidogo, kulia ovyo, maziwa kupungua siku hiyo, kula kwa kususa. Hapa ndipo picha na sauti zina kazi. Rekodi maelezo ya dakika moja, moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kinyakyusa, na uyaweke ndani ya programu yenyewe yasihitaji bando. Sauti iwe ya mfugaji wa hapo hapo, asiye na lafudhi ya ofisini. Kisha kanuni ya kumalizia: aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata.

Jambo zito kuliko yote hayo ni hili: simu ni ya nani? Umesema waliopakua ni 60. Je, ni wanaume wangapi? Katika nyumba nyingi nilizopita, anayekamua, anayekata majani na anayeuona ute ule alfajiri ni mama au binti. Simu janja iko mfukoni mwa baba, na baba yuko Mbeya mjini au kijiweni. Ujumbe wako umefika, umesomwa, na ng'ombe amepitwa na joto lake. Ruhusu ng'ombe mmoja awe na namba mbili za simu, na ya anayekamua iwe ya kwanza hata kama ni ya kitochi. Kitochi kinapokea ujumbe na kinapiga kelele saa 11 alfajiri vizuri tu.

Ukurasa wa mapato una hatari yake pia. Kuna nyumba ambazo maziwa ya asubuhi huenda kituoni na fedha zake huingia kwenye akaunti ya baba, na ya jioni ni ya mama: chumvi, sabuni, daftari la mtoto. Hakuna aliyeandika mkataba huo, ila unaheshimiwa. Programu yako inayojumlisha lita zote na kuzionyesha kwa yeyote anayeshika simu inauvunja. Mama hatakuambia kwa nini ameacha kuandika. Ataacha tu.

Sasa nani aandike hiyo tarehe moja? Mfugaji si wa kwanza. Mhimilishaji, yule anayempandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, ndiye anayekuwepo siku hiyo, ana kalamu mkononi, na ana sababu yake: ng'ombe aliyeshika mimba ni sifa yake na ni malipo yake. Mpe yeye programu ya simu janja, mfugaji mpe ujumbe. Mhimilishaji aandike jina la ng'ombe, namba za simu mbili, na namba ya fahali iliyochapwa kwenye mrija wa mbegu. Hiyo namba usiiache. Miaka mitatu ijayo mtamba (ng'ombe jike ambaye hajazaa) aliyezaliwa atahitaji kupandishwa, na bila namba hiyo atapandishwa mbegu ya baba yake bila mtu kujua. Mradi wa ADGG wa kuboresha mbegu za ng'ombe wa maziwa, ulioendeshwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, hapa Tanzania na Ethiopia ulitumia njia inayofanana na hii: watu waliofundishwa walizunguka kwa wafugaji wakipima na kuandika, na mfugaji akarudishiwa ushauri kwa ujumbe. Kituo chenu cha maziwa nacho kina daftari la lita za kila mwanachama kila siku. Kopi ya daftari hilo itakupa takwimu nyingi kuliko ukurasa wako wa maziwa, bila kumsumbua mtu.

Kwenye ufundi nitapita haraka maana ndiko uliko na nguvu. Rungwe ukishuka bondeni mtandao unakwisha, kwa hiyo kila kitu kihifadhiwe kwenye simu kwanza na kipelekwe kwenye seva baadaye. Katika hifadhidata andika matukio, usiandike hali. Usiwe na kisanduku "ana mimba: ndiyo/hapana" kinachofutwa na kuandikwa upya. Andika "alipandishwa tarehe hii na fulani", "alipimwa tarehe hii, akakutwa na mimba", "alitupa mimba tarehe hii". Hali ikokotolewe kutokana na matukio. Simu mbili zikiandika juu ya ng'ombe mmoja zikiwa bondeni bila mtandao, zikikutana kwenye seva hakuna itakayofuta maandishi ya mwenzake. Kutakuwa na matukio mawili na utayapanga kwa tarehe. Usitumie barua pepe kumtambua mtu. Na kwa kuwa watu hubadili laini, mfugaji asitambuliwe kwa namba ya simu peke yake. Ng'ombe naye asifungwe kwa mwenye mali: mpe utambulisho wake, jina na namba ya hereni kama anayo, ili akiuzwa historia yake imfuate kwa mnunuzi. Mtamba mwenye tarehe na namba ya baba anauzwa kwa bei tofauti na mtamba mwenye maneno matupu, na hilo wafugaji watalielewa kabla hujamaliza kulieleza.

Ukurasa wa magonjwa, ule wa kubonyeza dalili halafu simu iseme ni ugonjwa gani, sitaki hata kuuona. Homa, tezi zilizovimba chini ya sikio, kupumua kwa shida: simu itasema ndigana kali, na mara nyingi itakuwa sahihi. Siku itakapokosea, mfugaji atakuwa ametumia siku mbili na sindano isiyo yake, na ndigana kali yenyewe hutibika vizuri mapema tu. Weka kitufe kimoja kikubwa cha kumpigia afisa mifugo wa kata, na swali moja kabla ya simu kuita: joto la mwili limepimwa? La kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.3. Afisa akipokea simu yenye namba hiyo tayari anajua kama aje sasa au kesho. Taarifa za milipuko zina mifumo yake tayari: AfyaData ilitengenezwa na SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine, na EMA-i ni ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Usijenge ya tatu.

Kitu kimoja cha dawa ningekiweka: siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa baada ya ng'ombe kuchomwa sindano. Aliyechoma aandike dawa na idadi ya siku zilizo kwenye lebo ya chupa, simu ihesabu na kumwambia mfugaji lini arudi kituoni. Usiweke orodha yako ya siku kwa kila dawa, maana hutofautiana kwa dawa na kwa mtengenezaji.

Na kama unataka kitu kidogo cha kuwafanya waifungue bila kusukumwa, weka kikokotoo cha uzito. Zungusha utepe wa fundi cherehani kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka begani hadi mfupa wa nyonga wa nyuma. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,838. Vipimo vikiwa sentimita jibu ni kilo. Mzunguko wa 150 na urefu wa 120 ni kama kilo 249. Kanuni hii haikutengenezwa kwa ng'ombe wetu wa asili, kwa hiyo ilinganishe kwanza na mzani wa mnadani. Lakini hata ikikosea kidogo, mfugaji hatamsikiliza tena mchuuzi anayekadiria kwa macho.

Kuhusu kuipeleka kwa Wamasai, naomba uache kwa sasa. Mwenye ng'ombe 200 Longido hana swali la mama wa Tukuyu. Ng'ombe wake hupandwa malishoni na dume, hakuna tarehe ya kuandika. Katika jamii nyingi za wafugaji wa kuhamahama, kumhesabia mtu ng'ombe wake hadharani ni mkosi, tena kila anayeuliza idadi hudhaniwa ametumwa na kodi. Skrini yako ya kwanza inayouliza "una ng'ombe wangapi?" ingekufungia mlango. Swali lake ni majani yako wapi na maji yako wapi, na programu ya AfriScout ililijibu kwa njia nyingine kabisa: picha za satelaiti zikiwekwa juu ya ramani za malisho zilizochorwa na jamii zenyewe.

Sheria usiisahau ukidhani wewe ni mdogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya majina na namba za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mweleze mfugaji kwa sentensi mbili unachukua nini na nani atakiona, ukitaja wazi kama kituo au benki vimo. Gharama za ujumbe ningeziomba kituoni, kwa sababu ng'ombe akizaa kwa wakati ni kituo kinachojaza tangi. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili usimdai ada ya mwezi.

Kabla hujagusa msimbo tena, fanya hivi. Chagua kumi kati ya wale 60 ambao ng'ombe wao wamepandishwa mwezi huu. Chukua daftari, andika tarehe, na miezi mitatu utume ujumbe kwa mkono kutoka kwenye simu yako mwenyewe, saa 11 alfajiri, ukiandika majina ya ng'ombe wao. Anayejibu, andika. Asiyejibu, mfuate bandani wakati wa kukamua, uvae mabuti, ushike hata ndoo. Hesabu ng'ombe wangapi wamerudi kwenye joto na wakaonekana, na wangapi wamepimwa mimba. Waliopakua usiwahesabu tena. Miezi mitatu ikiisha niandikie namba hizo mbili, tuone kama kuna haja ya programu au daftari na simu yako vinatosha.